Kupika Foto

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, hasa kinywani mwa wazee, sauti ya g katikati ya neno mara nyingi husikika kama k. Ndiyo sababu mgeni kutoka Dar es Salaam akitusikiliza hudhani kwamba kwetu -piga na -pika ni kitenzi kimoja. Mama anapika bukari, mtoto mtukutu anapikwa, na siku ya ndoa ukoo mzima unapikwa foto. Mwalimu wetu wa fonolojia alipotoa mfano huo darasani, tulicheka, kisha tukaenda kwenye mfano wa pili. Mimi nilibaki kwenye foto. Bado nipo huko miaka minne baadaye, nikiwa na kamera tano chini ya kitanda na harufu ya kahawa iliyochacha ambayo haitoki katika pazia la chumba.

Wenzangu wa kitivo huniuliza mtu wa isimu ana kazi gani na vyuma vya zamani, wakati simu ya kila mmoja wetu hupiga picha mia kabla ya chakula cha mchana. Nitajaribu kujibu, kwa sababu swali si baya, na kwa sababu nina jambo la kuwaomba wanafunzi na walimu wanaosoma jarida hili.

Kamera ya kwanza ni Zenit-E ya Kisovieti, nzito kama tofali. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1965, na kipimo chake cha mwanga hutumia seleniamu, kwa hiyo hakihitaji betri. Niliinunua katika soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi) kwa muuza misumari aliyekuwa akiitumia kukandamiza turubai lisipeperuke. Sindano ya kipimo bado inacheza ukiielekeza dirishani. Ya pili ni Kodak Instamatic, aina iliyotoka mwaka 1963: filamu yake, namba 126, ilisukumwa ndani kama kaseti, na hata mtoto aliweza kuiweka. Viwanda vikubwa viliacha kuitengeneza filamu hiyo, hivyo kamera ninaiweka tu kwa heshima, kama watu wanavyoweka redio ya babu ambayo haisemi tena. Ya tatu ni Yashica Mat-124 G. Ya nne ni Polaroid yenye macho manne. Ya tano ni Instax, ngeni na nyepesi, rangi ya samawati, ambayo wanaokusanya kamera kwa dhati wangeidharau, na ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi kazini. Nitaeleza.

Yashica na Polaroid nilipewa na Mzee. Jina lake siliandiki, hapendi. Anasema jina lake liko nyuma ya foto, kwenye muhuri, na anayelihitaji ageuze karatasi. Alifungua studio Kamalondo mwaka 1974 na akaifunga mwaka 2003. Wapiga picha wa nchi yetu ambao vitabu vinawajua ni wachache: Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyepiga usiku wa Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960, ana vitabu na maonyesho Ulaya. Mzee hana. Ana kuta mbili zilizobaki na rangi ya bahari ambayo mchoraji aliipaka nyuma ya kiti cha wateja, pamoja na meli, katika mji ulio mbali na bahari kuliko miji mingi ninayoijua.

Nilimwendea kutafuta data. TFC yangu ilihusu msamiati wa ufundi mjini Lubumbashi, na wapiga picha walikuwa sura moja tu kati ya mafundi cherehani na makanika. Nilikwenda na orodha ya maswali. Siku ya kwanza aliniambia niiweke orodha mfukoni, akanipa Yashica mkononi.

Kamera hii ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ya kuonea, ya chini ya kupigia. Hutaiweka jichoni. Unaishika tumboni, unafungua kifuniko cha juu, na unaangalia chini kwenye kioo. Unayemwona mbele yako ameshageuzwa, mkono wake wa kulia uko kushoto, na akisogea huku wewe unamfuata kule. Filamu moja inatoa picha kumi na mbili. Simu hunyanyuliwa ikamkabili mtu usoni. Hii humlazimisha anayepiga kuinamisha kichwa mbele ya anayepigwa. Mzee hakuyasema hayo kama falsafa. Alisema tu kwamba mtu wa kijijini akija mara ya kwanza alikuwa haogopi, kwa sababu hakuona jicho la mtu likimkodolea.

Maneno yalikuja yenyewe. Kile ambacho vitabu vya Afrika Mashariki huita negativu, Mzee anaita kiliche, kutoka Kifaransa. Lakini wingi wake kwake ni biliche. Neno la Kifaransa limeingia na silabi yake ya kwanza imesikika kama kiambishi, likapangwa pamoja na kitu na bitu, kama vile neno la Kiarabu kitab lilivyopewa wingi wa vitabu. Mwalimu wangu alipoona mfano huo aliupigia mstari mara mbili. Mashine ya kukuzia picha ni agrandiseri, na dawa mbili ni revelateri na fiksateri. Kitendo chenyewe cha kuitoa picha ndani ya filamu, Mzee anaita kufula, kitenzi kile kile cha nguo.

Hapo nilikaa muda mrefu. Kamusi za Kiswahili sanifu nazo husema kusafisha picha. Kifaransa kina développer, yaani kukunjua kilichofungwa, na révéler, kufunua kilichofunikwa. Kwa nini wao wanafunua na sisi tunafua? Nilidhani Kiswahili kilitazama tu beseni na maji. Kisha Mzee akanifundisha kazi, nikaona kwamba kila lugha imeshika hatua yake. Dawa ya kwanza, revelateri, hugeuza chembe za chumvi ya fedha zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi: picha inajitokeza, na hapo Kifaransa kina haki. Lakini filamu hiyo ukiitoa nje itazidi kuwa nyeusi mpaka kila kitu kipotee, kwa sababu chembe ambazo hazikuguswa bado zimo. Dawa ya pili huziyeyusha, na maji huziondoa. Bila kufua hakuna picha itakayodumu. Kiswahili kilichagua hatua inayoifanya picha ibaki, na sidhani ni kwa bahati mbaya kwamba ndiyo hatua ambayo kijana wa studio alipewa aifanye.

Revelateri ya dukani haipatikani tena mjini kwetu kwa bei ya mwanafunzi. Filamu zenyewe hunifikia moja moja, mfukoni mwa dereva wa lori anayepita Kasumbalesa, na kila moja ninaihesabu. Kwa dawa ninatumia kahawa. Si mzaha: mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, katika mji ule ule wa Kodak, walionyesha kwamba kahawa ya unga inayoyeyuka huweza kufanya kazi hiyo ikichanganywa na magadi ya kufulia. Baadaye watu waliongeza vitamini C. Magadi safi nikiyakosa, ninakaanga bikarbonati ya keki kwenye sufuria kavu mpaka itoe gesi na maji yake, ikabaki magadi. Vidonge vya vitamini natwanga. Kwa lita moja ya maji naweka gramu 54 za magadi makavu, 16 za vitamini na 40 za kahawa, dakika kumi na tano, maji yakiwa na joto la nyuzi 20. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa baridi ya kwetu, maji hayahitaji barafu. Dawa ya pili, ile ya kufulia, sikuitafutia mbadala wa jikoni. Hiyo Mzee alinigawia kutoka mfuko wake wa mwisho.

Harufu yake ni mbaya. Mama alisimama mlangoni usiku wa kwanza, khanga puani.

"We, unapika nini humo?"

"Napika foto, mama."

Alinitazama kama anayesubiri nimalize sentensi, kisha akaelewa, akacheka hadi akakaa chini. Nimeandika mfano huo katika TFC, ukurasa wa 31, chini ya kichwa cha homonimu.

Sasa Polaroid ya macho manne. Wasomaji waliozaliwa kabla ya 1990 wanaijua hata kama hawajui kwamba wanaijua: ilipiga nyuso nne kwa mpigo mmoja kwenye karatasi moja. Fundi alivuta karatasi, akahesabu, akabandua, akakata kwa mkasi foto nne za pasipoti zikiwa bado na unyevu. Upande wa kiliche, wenye dawa inayounguza, ulitupwa, na watoto walikatazwa kuugusa. Polaroid yenyewe ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha filamu zake, na Fujifilm, iliyokuwa ikiendelea kutengeneza filamu ya aina hii ya kubandua, iliacha mwaka 2016. Kamera yangu inafunguka na kufunga vizuri, lakini haina cha kula.

Nilipokuwa nikitafuta habari zake nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 1970, katika makao ya Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, wafanyakazi wawili weusi, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waliona kielelezo cha kitambulisho chenye maneno ya idara ya migodi ya Afrika Kusini. Waligundua kwamba picha za papo hapo za kampuni yao zilikuwa zikitumika kutengeneza vile vitabu vya pasi ambavyo Mwafrika wa huko alilazimishwa kutembea navyo. Waliandamana, wakafukuzwa kazi, wakaita watu wasusie bidhaa za kampuni. Mwaka 1977 Polaroid ilijitoa Afrika Kusini.

Migodi. Neno hilo halipiti hivi hivi katika sikio la mtu wa Lubumbashi. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, katika kazi yake iitwayo Mémoire ya mwaka 2006, alikata picha za kale za wafanyakazi wa migodi na kuwasimamisha mbele ya viwanda vilivyochakaa vya leo. Watu hao wamesimama kama walivyoagizwa kusimama. (Ni Baloji pia, pamoja na wenzake, aliyeanzisha mwaka 2008 kituo cha sanaa kiitwacho Picha. Nimekuwa nikiwachokoza wenzangu kwa hilo: mji mzima unasema foto, kituo kikachagua neno lililotoka Kiingereza kupitia pwani. Picha ina heshima ya kitabu. Foto ni ya nyumbani.)

Nilimwonyesha Mzee nakala za picha hizo za wafanyakazi. Alizitazama bila haraka. Nikamuuliza kama zinafanana na alizopiga yeye, maana wateja wake wengi walikuwa watoto wa watu hao hao.

"Hapana, mutoto wangu. Kwa kampuni balikuwa banapikwa. Kwangu balikuwa banajipikisha."

Nimesoma kurasa nyingi juu ya minyambuliko ya kitenzi cha Kibantu, kauli ya kutendwa, kauli ya kutendesha, kirejeshi. Sijapata mfano unaofanya kazi kubwa hivyo kwa silabi chache hivyo. Kupigwa foto: mtu mwingine ametaka, mwingine amepiga, wewe umepigwa. Kujipigisha foto: umetoka nyumbani, umevaa shati la kuazima, umelipa nusu, umechagua meli au bila meli, na umemfanya fundi akupige wewe mwenyewe. Kifaransa kina se faire photographier, ndiyo, lakini hakimweki mhusika na nia yake ndani ya neno moja. Tangu siku ile ninaulizia kila picha ya zamani ninayoona: huyu alipikwa au alijipikisha?

Ndiyo sababu pia ninabeba Instax. Ninapokwenda kurekodi wazee vijijini kando ya barabara ya Kasenga, lalamiko la kwanza ni lile lile: watu wa chuo kikuu huja, hupiga, huenda, na hakuna anayerudi. Wana haki. Instax, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1998, haina kiliche. Picha yake ni moja tu duniani, ukimpa mtu umempa yote. Kwa hiyo nampigia mzee picha ya papo hapo kwanza, ninamkabidhi, tunakaa pamoja tukiitazama ikijitokeza. Baada ya hapo, akisema na wewe jichukulie yako, ndipo natoa Zenit. Wawili walisema hapana. Niliwashukuru, tukaendelea na methali.

Nimefika kwenye jambo ninaloombea.

Mzee hakutupa kiliche hata kimoja kwa miaka 29. Vimo ndani ya makopo ya maziwa, thelathini na moja, kila kopo na mwaka wake au nusu ya mwaka. Pamoja nayo kuna madaftari kumi na manne: tarehe, jina, idadi ya foto, pesa iliyolipwa, na safu ya mwisho ya maelezo. Nilimuuliza kwa nini hakuvitupa wakati hata chumba cha kulala kilimshinda nafasi. "Foto ya mutu, habaitupake," alisema, kwa sauti ya kumfundisha mtoto kwamba moto unachoma.

Nilisoma madaftari kwa mfuatano. Hadi 1991 safu ya mwisho ina alama ya msalaba karibu kila mstari: amechukua. Mwaka 1992, na zaidi 1993, misalaba inapungua. Mnajua miaka hiyo. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, na hata hapa Lubumbashi wengi waliondoka kabla ya kufukuzwa. Mtu aliyelipa nusu mwezi wa pili hakuja mwezi wa tatu. Mzee aliandika "atakuya", na mstari ukabaki hivyo. Nimehesabu mistari ya aina hiyo 212 katika miezi kumi na minane.

Kambo yangu, mama wa mama, aliondoka Likasi mwaka 1993 kwa treni iliyokwenda Mwene-Ditu, baada ya wiki nyingi za kulala kituoni. Mama alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa na mtu wa hapa. Vitu vya nyumbani havikusafiri. Kambo alikuwa na foto moja ya usichana wake, amesimama kando ya baiskeli, na baada ya kuipoteza aliieleza kwa simu mara nyingi hadi sisi wajukuu tukaijua kama tumeiona. Gauni lilikuwa la buluu. Mwaka mwingine lilikuwa la kijani. Foto yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi ile haikutoka kwenye karatasi kamwe. Alifariki mwaka 2011. Kambo hayumo katika makopo ya Mzee; studio aliyokwenda ilikuwa ya Likasi na hakuna anayejua biliche vyake viliishia wapi. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani ninamtafuta yeye.

Watoto wa Mzee wanahitaji chumba kile kabla ya Desemba. Si watu wabaya, wana wapangaji wanaosubiri. Nimenakili makopo tisa, kiliche kimoja kimoja juu ya kioo chenye mwanga, kwa simu, kisha nikageuza nyeupe kuwa nyeusi. Makopo mawili yalikwishaingiwa na unyevu, filamu zimegandana kama karatasi za chapati. Mvua za Oktoba zikianza, mengine yatafuata.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba kitivo cha lugha si makumbusho. Sikubaliani naye, na ninaweka hoja yangu hapa mbele ya wengine. Madaftari yale ni matini. Yameandikwa na mtu aliyesoma darasa la sita, kila siku ya kazi kwa miaka 29, bila mhariri, kwa Kiswahili cha mji huu kama kinavyosikika. "Bibi ya makanika, foto mbili, anaseka mu ya pili, apana tia ile." "Amelipa nusu, atakuya siku ya mushaara." "Mutoto alilia, tulirudilia, bure." Tunalalamika kila mwaka kwamba hatuna matini ya Kiswahili cha Lubumbashi kilichoandikwa na wenyewe nje ya barua na dini. Haya hapa, yana tarehe, na kila mstari una uso wake ndani ya kopo. Ninaomba kabati moja la chuma lenye kufuli, katika chumba kikavu. Madaftari na makopo yataingia pamoja au yasiingie kabisa, kwa sababu Mzee amekataa yatenganishwe.

Amekataa pia mambo mengine mawili. Hakuna kinachowekwa kwenye intaneti, na hakuna kiliche kitakachoonyeshwa kwa mtu aliyekuja kutazama watu tu. Anayekuja aje na jina la mtu wake, na mwaka kama anaukumbuka. Nikilipata katika daftari, nitampikia foto hiyo kwa agrandiseri ya Mzee mwenyewe, ambayo bado inafanya kazi siku zenye umeme. Karatasi zilizobaki ni pakiti mbili. Kwa waliolipa nusu, Mzee anadai nusu iliyobaki, kwa bei ya wakati ule. Nimejaribu kumweleza kwamba zaire haipo tena tangu 1998, akajibu kwamba hilo ni tatizo la benki.

Kila Alhamisi kuanzia saa tisa mchana ninakaa kwenye ubao wa mbele ya maktaba ya kitivo na madaftari ya 1990 hadi 1994. Mengine yako nyumbani, uniambie mwaka nitayaleta wiki inayofuata. Waulizeni wazazi, na hasa waulizeni walio Mbuji-Mayi, Kananga na Mwene-Ditu, kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kujipigisha foto Kamalondo mbele ya bahari yenye meli.